Mtambo Mdogo wa Kuni Upimwe kwa Joto Lake

Miradi midogo ya kuzalisha joto na umeme kwa pamoja kutokana na tungamotaka, yaani kuni, vibanzi vya mbao, pumba na mabaki mengine ya mimea, karibu yote hutambulishwa kwa kipimo kimoja tu: kilowati za umeme. Mwekezaji huuliza mtambo unatoa kilowati ngapi, benki huuliza umeme utauzwa kwa bei gani, na anayetoa kibali huandika namba hiyo hiyo kwenye karatasi zake. Joto hutajwa mwishoni, tena kama nyongeza. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na kwamba mitambo mingi ya aina hii iliyokufa kabla ya wakati wake iliuawa na kosa hilo la mwanzo, hata pale lawama zilipoangushiwa fundi au ubora wa kuni.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu yenyewe inatosha kuonyesha ni bidhaa ipi iliyo kubwa. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya takriban kilowati-saa 5. Chukua mtambo wa kilowati 50 za umeme, unaogeuza kuni kuwa gesi na kuichoma gesi hiyo ndani ya injini. Mtambo wa namna hiyo hula karibu kilo 45 za kuni kavu kwa saa, sawa na kilowati 225 za nishati iliyomo ndani ya kuni. Umeme unaotoka ni kilowati 50, ambazo ni kama asilimia 22. Joto linaloweza kukusanywa kutoka kwenye maji ya kupozea injini, kwenye moshi wake na kwenye gesi inapopozwa ni karibu kilowati 110. Kwa hiyo kwa kila kipimo kimoja cha umeme mwenye mtambo anapata vipimo viwili na ushei vya joto, apende asipende. Akilitumia joto hilo, zaidi ya theluthi mbili ya nishati ya kuni zake imefanya kazi. Asipolitumia, amenunua mashine ya gharama kubwa inayopasha hewa ya nje kwa theluthi mbili za nishati ya kuni zake na zaidi, na ambayo hata jenereta la dizeli huishinda kwa ufanisi wa umeme.

Wapo wanaoamini kwamba uhandisi bora utaondoa uwiano huo. Hautauondoa. Injini yoyote inayoendeshwa kwa joto lazima itupe sehemu ya joto lake upande wa baridi, na kadiri mashine inavyokuwa ndogo ndivyo hasara zinavyochukua fungu kubwa zaidi. Turbini ya mvuke inayofanya vizuri sana kwenye kituo cha mamia ya megawati ikipunguzwa hadi kilowati mia chache hubaki na ufanisi wa umeme wa karibu asilimia 10 au chini yake, kwa sababu mvuke hupenya kwenye nafasi zilizo kando ya mapanga na kwa sababu shinikizo na halijoto za boila ndogo haziwezi kupandishwa sana bila gharama kuzidi faida. Ndiyo maana wahandisi wa Ulaya waliotaka mitambo ya ukubwa wa kati waliacha maji na kutumia mafuta ya silikoni, ambayo mvuke wake ni mzito na huizungusha turbini taratibu bila kuila. Mtambo wa kilowati 400 wa aina hiyo ulifungwa mjini Admont, Austria, mwaka 1999, katika kiwanda cha mbao. Mfumo huo hutoa umeme wa asilimia 15 hadi 20 hivi, unahitaji uangalizi mdogo, na unastahimili kuni mbichi kwa sababu kuni zinachomwa tu kwenye tanuri la kawaida. Si jambo la bahati kwamba ulifungwa mahali penye magome, vibanzi na unga wa mbao tayari, na penye mbao za kukaushwa mwaka mzima.

Kuna tofauti moja kati ya turbini na injini ya pistoni ambayo wanunuzi wengi huisahau. Kwa turbini, joto na umeme vinagombania chungu kimoja: ukitaka maji yatoke yakiwa ya moto zaidi, umeme unapungua. Kwa injini ya pistoni, maji ya kupozea hutoka yakiwa na nyuzi 80 hadi 90 hata kama hakuna anayeyahitaji, na kuyatumia hakupunguzi umeme hata kidogo. Lakini maji ya nyuzi 85 ni maji ya nyuzi 85. Yanafaa kukaushia nafaka au mbao, kupashia majengo, kuoshea vyombo vya maziwa. Hayafai kwa kiwanda kinachotaka mvuke wa nyuzi 150. Kwa hiyo kusema kwamba kiwanda fulani kinahitaji joto jingi hakutoshi, ni lazima kuuliza kinalihitaji katika nyuzi ngapi, na swali hilo huulizwa kwa nadra kuliko inavyopaswa.

Sasa tuingie ndani ya tanuri la gesi, yaani lile linalogeuza kuni kuwa gesi, maana hapo ndipo uhusiano kati ya joto, ukubwa wa mtambo na uhai wake unapoonekana wazi. Kuni zikipashwa joto bila hewa ya kutosha haziwaki, zinavunjika. Kati ya nyuzi 250 na 600 hivi zinatoa mvuke mzito wenye lami, na kinachobaki ni makaa. Lami ndiyo adui. Ikiwa ya moto ni hewa tu, ikipoa inaganda, na hupoa mahali pabaya kuliko pote: kwenye kona za mabomba, kwenye kichujio, kwenye mashina ya vali za injini. Anayefungua vali iliyogandishwa na lami ya kuni hukuta utando mweusi unaong'aa, mgumu kama gundi iliyokauka, unaonuka moshi mkali, na usiotoka kwa kitambaa bali kwa kukwangua. Injini inaweza kuvumilia takriban miligramu 100 za lami katika kila mita ya ujazo ya gesi. Tanuri ambalo gesi yake inapanda juu kupitia kuni mbichi hutoa gramu 50 au zaidi, yaani mara mamia.

Suluhisho la kale, lililoboreshwa na Georges Imbert katika miaka ya 1920 na kuendesha malaki ya magari barani Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia petroli ilipokosekana, lilikuwa kuishusha gesi badala ya kuipandisha. Hewa huingizwa katikati ya tanuri, na mvuke wote wa lami unalazimika kupita katika koo jembamba lenye nyuzi zaidi ya 1,000, ambapo lami inavunjwavunjwa kuwa gesi nyepesi kabla ya kupita kwenye makaa yanayowaka na kutoka. Gesi inayopatikana ni nyonge: karibu nusu yake ni nitrojeni ya hewani, na sehemu inayowaka ni kaboni monoksaidi na haidrojeni pamoja na methani kidogo. Kila mita ya ujazo ina megajuli 5 tu, wakati gesi asilia ina zaidi ya 35. Lakini ni safi kiasi cha kuingia injini, mradi koo liwe na joto lake kamili.

Na hapo pana sharti zito. Koo hubaki na joto hilo pale tu mtambo unapofanya kazi karibu na uwezo wake. Injini ikishushwa hadi nusu ya mzigo, hewa inayoingia hupungua, koo linapoa, na lami inapita bila kuvunjwa. Mtambo wa kilowati 100 unaoendeshwa kwa kilowati 40 kwa hiyo hauishii kuleta hasara ya mapato peke yake, unajitia sumu wenyewe. Vivyo hivyo kwa kuwasha na kuzima: kila kuwasha ni dakika kadhaa za gesi chafu kabla koo halijapata moto. Anayenunua mtambo mkubwa "ili ukuaji ukija uukute tayari", kama tunavyofanya kwa transfoma au tangi la maji, amenunua uchafu wa lami kwa miaka yote ya kuusubiri ukuaji huo. Mnyororo mzima uko hapo: mahitaji ya joto yasiyokatika huruhusu mzigo usiobadilika, mzigo usiobadilika huweka koo katika moto, koo la moto hutoa gesi safi, na gesi safi ndiyo maisha ya injini.

Umeme peke yake hauwezi kutoa uthabiti huo katika mtambo unaojitegemea, kwa sababu matumizi ya umeme ya kijiji au ya karakana hupanda jioni na kushuka usiku wa manane. Ukiunganishwa na gridi unaweza kusukuma umeme wote huko saa zote, ni kweli, lakini basi joto lisilo na mnunuzi linarudi palepale kuwa hasara.

Kijiji cha Harboøre, Denmark, kinafaa kutazamwa kwa sababu kilifuata mpangilio ninaoutetea. Tanuri lake la gesi lilijengwa mwaka 1993, na kwa miaka kadhaa halikuzalisha umeme hata kidogo. Lilichoma gesi yake kwenye boila na kuwapa wakazi maji ya moto ya kupashia nyumba. Katika muda huo watu wake walishughulika na lami na maji machafu yanayotokana na kusafisha gesi, wakiwa na mapato ya joto ya kuwalisha. Injini ziliongezwa mwaka 2000, baada ya gesi kusafishika. Lami nzito iliyokusanywa haikutupwa bali ilihifadhiwa na kuchomwa siku za baridi kali, wakati mahitaji ya joto yalipopita uwezo wa kawaida. Kama ingeamuliwa tangu mwanzo kwamba mradi ulipiwe kwa umeme, ni vigumu kuona mkopo gani ungesubiri miaka yote hiyo.

Mfano wa Güssing, Austria, una funzo gumu zaidi, kwa kuwa kiufundi ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mtambo huo ulioanza mwaka 2001 ulitumia teknolojia ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, ambayo kuni hugeuzwa gesi kwa mvuke wa maji badala ya hewa, hivyo gesi haina nitrojeni nyingi na nguvu yake ni zaidi ya maradufu. Ulikuwa na megawati 2 za umeme na megawati 4.5 za joto, ukafanya kazi kwa makumi ya maelfu ya saa, na wageni kutoka pande zote za dunia walienda kuutazama. Ulisimama mwaka 2016. Bei maalumu ya umeme uliyokuwa umehakikishiwa ilifika kikomo, bei ya kuni ilikuwa imepanda, na mauzo ya joto peke yake hayakuweza kuubeba. Mashine iliyothibitika kwa miaka kumi na mitano ilizimwa na mkataba uliokwisha. Ukiniuliza, kituo kilichojengwa ili umeme uwe mapato makuu kina tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani ya mkataba wake wa mauzo, na kila mwekezaji anaweza kuisoma kabla hajatia saini.

Kuhusu kuni zenyewe, makosa huwa mawili, maji na umbo. Kuni zilizokatwa leo ni nusu maji kwa uzito. Tanuri la kushusha gesi linahitaji unyevu usiozidi asilimia 15 hivi, na mitambo mingi midogo ya kisasa inataka chini ya hapo. Rudi kwenye mtambo wetu wa kilowati 50: kilo 45 za kuni kavu zinaletwa na karibu kilo 45 za maji, na kuyatoa maji hayo kunahitaji, kwa hesabu ya kawaida ya vikaushio, kilowati-saa moja kwa kila kilo. Joto la kilowati 40 hivi kati ya zile 110 limekwisha kabla mteja hajafungua bomba. Si hasara, kwa kuwa bila hilo mtambo haungewaka vizuri, lakini anayeuza kilowati 110 kwenye karatasi na kununua kuni mbichi anaahidi kitu kimoja mara mbili. Nimeona mipango ya biashara ambayo joto la kukaushia kuni na joto la kuuzia jirani vilikuwa ni joto lile lile, na hakuna aliyeshtuka.

Umbo nalo lina ukali wake. Unga wa mbao huziba koo na kuzuia hewa, na vipande virefu hushikana juu ya koo na kutengeneza daraja ambalo chini yake kunabaki pango. Makaa yanaungua bila kuni mpya kushuka, oksijeni inapenya, na gesi inageuka kuwa moshi usiowaka. Kijiti kimoja cha urefu wa kiganja, kilichopita kwenye chekecheo kwa ubavu, kinaweza kukwama kwenye parafujo inayopandisha kuni na kuusimamisha mtambo mzima saa nane usiku. Kwa hiyo chekecheo, sumaku ya kunasa misumari na ghala lenye paa zinastahili kuhesabiwa kama sehemu za mtambo. Bajeti inapobanwa, hivyo ndivyo vitu vinavyokatwa kwanza, na sijui uamuzi mwingine wa kubana matumizi unaorudi kudai haraka namna hiyo.

Ukubwa sahihi basi unapatikanaje? Si kwa kutazama kilele cha mahitaji. Panga mahitaji ya joto ya saa zote 8,760 za mwaka kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha tafuta kiwango ambacho mahitaji hayashuki chini yake kwa saa 6,000 au 7,000. Hicho ndicho kipimo cha mtambo. Katika mifumo ya kupashia majengo kwenye nchi za baridi, kiwango hicho huangukia karibu na theluthi moja ya kilele au chini yake, na bado mtambo huo mdogo hutoa zaidi ya nusu ya joto la mwaka, kwa sababu vilele vikubwa ni vya siku chache. Kinachobaki huachiwa boila ya kawaida, ambayo ni rahisi kununua na haijali kuwashwa na kuzimwa, pamoja na tangi la maji ya moto la kusawazisha asubuhi na mchana. Kwenye nchi za joto mahitaji ya kupasha majengo hayapo, lakini kazi za kukausha zipo, na joto linaweza pia kuendesha mashine za kupoza kwa njia ya ufyonzaji. Tatizo ni msimu: kikaushio cha nafaka kinachofanya kazi wiki nane kwa mwaka si mteja wa mtambo huu, hata kama wiki hizo nane kinakula joto lote. Mtambo wetu ukifanya kazi saa 7,000 unatoa kilowati-saa 350,000 za umeme. Ukifanya kazi saa 3,500 unatoa nusu yake, ila mkopo, bima na mshahara wa mwendeshaji haviji nusu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye umeme wa jua, ambao bei yake imeshuka kiasi kwamba hakuna injini ya kuni inayoweza kushindana nao mchana wa jua kali. Nalikubali pingamizi hilo bila masharti mahali ambapo umeme ndio pekee unaohitajika. Kampuni ya Husk Power Systems, iliyoanza katika jimbo la Bihar, India, mwaka 2008 kwa kuwapa wanavijiji umeme wa pumba za mpunga, baadaye iliongeza sola na betri, na pumba zikawa za kusaidia pale jua lisipotosha. Naona ni uamuzi wa busara, nao unathibitisha hoja yangu: mitambo ile ilizalisha umeme wa taa za jioni, na joto lake halikuwa na mteja wa maana. Aidha, mabaki ya mazao hubaki bure hadi siku mwenye kinu anapogundua kuna anayeyataka, na tangu siku hiyo yana bei.

Juu ya hewa ukaa nitasema kifupi. Mabaki ambayo yangeoza au kuchomwa shambani ni jambo moja, na mti uliosimama, ambao utachukua miongo kadhaa kurudisha kaboni yake, ni jambo jingine. Mtambo mdogo unaolishwa na mabaki ya jirani hauna ugomvi mkubwa hapo. Ugomvi huanza pale kuni zinapokwisha jirani.

Linalobaki ni sera, na hapa rekodi ya Ulaya ni tajiri kwa mazuri na mabaya. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 yaliita mtambo wa chini ya megawati 1 kuwa mdogo na wa chini ya kilowati 50 kuwa mdogo kabisa, yakaupima kwa nishati inayookolewa ukilinganisha na kuzalisha joto na umeme kila kimoja peke yake. Hilo ni swali sahihi. Ujerumani, ambayo sheria yake ya mwaka 2000 ililipia umeme, iliongeza mwaka 2004 senti 2 za yuro kwa kila kilowati-saa iliyozalishwa pamoja na joto linalotumika, ikapandisha nyongeza hiyo kuwa senti 3 mwaka 2009. Lakini malipo ya joto yasiyochungwa yana balaa lake. Ireland ya Kaskazini ilianzisha mwaka 2012 mpango wa kulipia joto la boila za kuni, na kiwango cha malipo kikawa kikubwa kuliko bei ya kuni zenyewe, bila ukomo. Kila kilo iliyochomwa ilikuwa faida, joto liwe na kazi au lisiwe nayo, na mpango ukafungwa kwa wateja wapya mwaka 2016. Kashfa yake ilichangia kuvunjika kwa serikali ya jimbo hilo Januari 2017.

Kwa hiyo mita ya joto ni ya lazima lakini haitoshi, kwa kuwa mita haijui maji ya moto yameenda kwenye kikaushio au kwenye banda tupu. Ninaloliona kuwa la vitendo ni kulipia joto kwa kiwango kilicho chini ya gharama ya kuni siku zote, ili kulitupa kusiwe na faida kamwe, na kudai mkataba wa mnunuzi wa joto, wenye nyuzi zake, saa zake na msimu wake, uwekwe mezani kabla ya mkopo kutolewa na kabla ya mtambo kuagizwa. Mnunuzi huyo atatajwa kwa jina na kwa bili zake za nishati za miaka iliyotangulia. Benki itakayozisoma bili hizo itajua ukubwa wa mtambo kuliko muuzaji wa mtambo mwenyewe.